Nyumba ya Bwana Nzige Inauzwa

Karatasi ya nyumba ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga kwa miaka thelathini na sita, na kwa miaka yote hiyo haikumdhuru mtu. Mara moja kwa mwaka, siku ya kumwombea marehemu mume wake Isdori, Leonia aliitoa, akaisoma huku akifuata mistari kwa kidole kama masista walivyomfundisha mpaka darasa la nne, halafu akaifungia tena koponi. Ilisema kwamba nyumba hii, iliyojengwa mwaka 1951 na afisa wa kuua nzige, amepewa Isdori aliyekuwa mpishi wake, naye asisumbuliwe na mtu yeyote. Chini kulikuwa na muhuri wa boma. Maneno machache tu, lakini yalimtosha mjane.

Huyo afisa alikuwa Mwingereza. Alikuja kuwaua nzige wekundu wa bonde la Rukwa, watu wakamwita Bwana Nzige, na jina lake la ubatizo likapotea hapo. Alikuwa mtu wa kukumbuka kwao. Badala ya kujijengea nyumba ya kawaida ya bati kama wenzake, aliwachorea mafundi wa Kifipa nyumba ya bibi yake huko Uingereza, bibi aliyezaliwa zama za Malkia Viktoria: paa lililochongoka, madirisha marefu kama mishumaa, kijumba cha mviringo pembeni mfano wa mnara, vibao vya nakshi vikining'inia barazani kama pindo la gauni la harusi, na ndani ya sebule meko ya ukutani yenye bomba la moshi la tofali. Watu wa Mazwi, mtaa wao hapo Sumbawanga, walipoiona mara ya kwanza walidhani ni kanisa. Walisubiri kengele. Haikulia.

Leonia alikuwa na miaka kumi wakati huo. Ndio mwaka aliopokea komunio ya kwanza, kwa hiyo hakuweza kuusahau hata angetaka. Aliwachotea maji mafundi wa tofali, na siku moja, kwa utundu tu, akakandamiza kiganja chake cha kushoto juu ya tofali bichi. Alichapwa kofi la mgongo, lakini tofali halikutupwa. Lilichomwa na wenzake, likajengewa chini, karibu na meko, na mkono ukabaki pale na vidole vyake vitano, kile cha mwisho kikiwa kimepinda kama mundu. Kidole hicho Leonia alizaliwa nacho. Baba hakuwa nacho, mama hakuwa nacho, na watoto wake wote hawakukirithi. Miaka kumi baadaye aliolewa na mpishi wa mzungu, na Bwana Nzige alipoondoka baada ya uhuru akawaachia nyumba, hivyo Leonia akahamia ndani ya nyumba ambayo mkono wake ulishatangulia.

Waliishi humo kama watu wanavyoishi. Vigae vilipopasuka Isdori alipiga bati. Barazani walianika ulezi wa shamba lao la Pito. Kwenye mnara walilala kuku. Na ndani ya ile meko ya ukutani Leonia alining'iniza mahindi ya mbegu, akawasha moto mdogo chini yake, moshi ukayapitia taratibu na wadudu hawakuyagusa. Majirani walimletea mbegu zao azihifadhi. Bwana Nzige hakuwahi kujua kwamba kitu bora alichokileta Ufipa kilikuwa bomba la kukaushia mahindi.

Miaka ya tisini ilikuwa miaka ya kuuza. Ghala la ushirika liliuzwa, trekta la ushirika likauzwa, mpaka mizani ya ushirika, ile iliyowapunja watu kwa miaka ishirini, nayo ikapata mteja. Ndipo mwaka tisini na nane, mvua zilipokatika mwezi wa tano, akashuka kwenye basi Theodory, kitindamimba wa Leonia, kutoka Dar es Salaam. Theodory alikuwa kijana mzuri wa sura na wa maneno. Alishauza mitumba ikamshinda, akauza kanda za muziki zikamshinda, sasa alikuwa dalali wa nyumba. Mama yake alikuwa akilala na rozari mkononi kwa ajili yake. Katika watoto wake wote huyu ndiye aliyemfanya aamke alfajiri na kujiuliza, amekula huyu? Na ukishakuwa na mtoto wa namna hiyo, mama mwenzangu, ujue kopo lako halina mfuniko.

Alipoingia sebuleni hakukaa. Alizunguka akigonga kuta kwa vidole.

"Bi mkubwa," akasema, "unajua kwamba unalala juu ya dhahabu?"

"Nalala juu ya godoro la pamba, mwanangu. Umekula?"

"Basi godoro ndilo tutaanza kulitoa."

Leonia alicheka akidhani ni utani. Kesho yake asubuhi godoro lilikuwa nje, limeegemezwa kwenye mgomba kama mgonjwa anayesubiri zamu.

Theodory alimweleza mama yake kwa upole kabisa. Siku hizi ni soko huria. Wawekezaji wanakuja, na hao hawataki nyumba mpya, mpya wanazo kwao. Wanataka nyumba yenye historia, iliyokarabatiwa ikawa kama siku ilipozaliwa. Yeye na mama yake wataitengeneza, wataiuza, mama atajengewa nyumba ya kisasa yenye umeme na bafu la ndani, na itabaki fedha ya kununua mashine ya kusaga ambayo yeye Theodory ataisimamia, na hataondoka tena Sumbawanga. Ni hilo la mwisho lililomlegeza Leonia. Bafu la ndani hakulitaka. Alitaka kumsikia mwanawe akikoroma chumba cha pili.

"Na mimi nitalala wapi mkitengeneza?"

"Jiko la nje, mama. Kwa muda tu."

Ukarabati ulihitaji fedha, na Leonia alikuwa na ng'ombe wawili waliotunzwa Milepa na mzee mmoja wa Kisukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake. Alipokwenda kuwachukua, mzee yule hakubisha. Alimfungulia zizi, akamtazama Theodory aliyevaa viatu vya kuchongoka kama madirisha ya nyumba yao, akasema, "Mama, ng'ombe anazaa. Paa halizai." Theodory alicheka sana njia nzima. Aliyarudia maneno hayo kila mara kama kichekesho, mpaka siku moja akaacha kuyarudia.

Mafundi waling'oa bati za Isdori na kurudisha vigae. Walikwangua chokaa mpaka tofali likaonekana jekundu kama nyama. Walichonga vibao vipya vya nakshi, wakawafukuza kuku mnarani, wakafagia bomba la moshi, na mahindi ya mbegu ya nusu ya mtaa yakahamishiwa kwenye gunia. Mwezi wa saba ulipoingia na ule upepo wa Ufipa unaochoma masikio, nyumba ilikuwa inang'aa kilimani na mwenye nyumba alikuwa jikoni amejifunga vitenge vitatu.

Jirani yake, Bertilla, muuza dagaa, alisimama barabarani na beseni kichwani akaisoma kwa sauti ile mbao iliyopigiliwa getini.

"Nyumba ya kihistoria ya enzi za Malkia Viktoria. Mwaka 1893. Imekarabatiwa. Inauzwa." Akamgeukia Leonia. "Mama Theo, hongera. Una miaka hamsini na saba na umejenga nyumba ya miaka mia na mitano. Ulichota maji tumboni mwa nani?"

"Acha, Bertilla. Ni biashara za watoto."

"Aa, ni biashara za watoto! Na hilo jiko unalolala ni la mwaka gani, tuliandikie na lenyewe?"

Leonia alimwuliza mwanawe usiku ule wakila ugali. "Huyo Viktoria hakufika Mazwi, Theo. Na mwaka mliouandika hata Bwana Nzige alikuwa hajazaliwa."

"Mama, historia siyo aliyefika. Historia ni aliyesemwa." Akamega tonge. "Kulikuwa na mzungu wa Kiingereza anatoka ziwa Nyasa kwenda ziwa Tanganyika. Akashikwa na homa hapa, akashindwa kuendelea, akajenga. Nani atabisha? Waliokuwepo wote wamelala makaburini."

"Mimi nilikuwepo."

"Wewe ni mama yangu," alisema Theodory, kana kwamba hilo lilimaliza mambo. Na kweli, lilimaliza.

Mnunuzi alipatikana haraka. Aliitwa Loth, mfanyabiashara wa mbao kutoka Mbeya, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyetaka kufungua hoteli ya wageni. Alizunguka nyumba mara mbili, akapanda mnarani, akashuka, akagusa vibao vya nakshi kama mtu anayepima kitambaa.

"Nimeipenda," akasema. "Bei uliyosema nakupa. Lakini kijana, wageni wangu ni wazungu. Wakiniuliza hiyo 1893 nitawaonyesha mbao yako ya getini? Niletee cheti cha serikali kwamba nyumba ni ya kale, nami nitakupa mara mbili."

Hapa ndipo mambo yangeweza kuisha vizuri. Bei ilishakubaliwa. Mnunuzi alishakaa kwenye kiti. Mtu mwenye akili angemwambia, mzee, chukua nyumba yako hivi ilivyo, cheti utakitafuta mwenyewe. Lakini neno "mara mbili" likishaingia sikioni mwa kijana, hata ukipiga baragumu hasikii kingine. Theodory aliandika barua Dar es Salaam, kwa wale watu wa serikali wanaoshughulikia vitu vya kale, akawaomba waje kuitambua nyumba ya kihistoria ya Sumbawanga. Aliwaomba mwenyewe, kwa mwandiko wake, na akalipia stempu.

Zikabaki siku chache wafike. Usiku mmoja wa baridi kali Theodory alimwita mama yake sebuleni, mara ya kwanza tangu godoro litolewe. Alikuwa amewasha moto kwenye meko.

"Mama, lete lile kopo."

Leonia alijua kopo gani. "La nini?"

"Karatasi ina 1951. Wakiiona tumekwisha. Na mimi nitakuwa nimeidanganya serikali, wananifunga."

"Ndiyo karatasi ya nyumba, Theo. Hakuna nyingine."

"Mama yangu, mwenye nyumba ni anayekaa ndani. Karatasi haikai ndani."

"Mimi nakaa jikoni."

Alicheka, akamkumbatia. Alinukia sabuni ya mjini. Leonia alifikiria mengi pale katika muda mfupi: aliiona jela ya Sumbawanga, aliona kijana wake amekonda, aliona bakuli la maharage yenye wadudu. Hakuiona nyumba hata kidogo. Akafungua kopo, akamkabidhi. Karatasi iliungua upande mmoja kwanza, muhuri wa boma ukajikunja kama mtu anayesikia baridi, kisha ukaisha. Harufu iliyobaki sebuleni haikuwa ya karatasi. Ilikuwa ya mahindi ya mbegu, ya miaka yote ile, iliyokuwa imejificha ndani ya tofali.

Mtaalamu aliyekuja aliitwa Gabriel. Laiti angekuwa mla rushwa! Mla rushwa angepewa kuku wawili na bahasha, angeandika cheti, angekwenda zake. Gabriel alikuwa mtu mwema. Alivaa miwani minene, alimwamkia Leonia shikamoo akiwa ameinama, alikunywa togwa bila kuuliza imechemshwa wapi, na alivipenda vitu vya zamani kama mtu anavyompenda mchumba. Mwongo unaweza kumkwepa, lakini anayependa humkwepi.

"Mama," alisema, daftari likiwa gotini, "wazee wenu walikuambia nyumba hii ilijengwa lini?"

Theodory alimkazia mama yake macho. Bertilla alikuwa mlangoni, ameleta dagaa ambao hakuna aliyewaagiza.

"Wazee walisema ni zamani," Leonia alijibu. Haukuwa uongo.

"Zamani kabla ya Wajerumani?"

Leonia aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake vya miguu. Katika jumuiya yake ndogo ndogo ya kanisa yeye ndiye aliyeongoza rozari. Mtaa mzima ulijua kwamba hasemi uongo, na siku ile kweli hakuusema. Aliinamisha kichwa tu. Gabriel akaandika: ndiyo.

Kisha akaanza kukagua kuta kwa tochi, polepole, tofali kwa tofali, mpaka akafika karibu na meko. Akapiga magoti kama aliyeona Ekaristi.

"Mungu wangu," akasema. "Mkono wa mtoto."

Akasogeza tochi karibu zaidi.

"Mkono wa mtoto wa Kifipa wa miaka mia moja iliyopita! Tazama, Bwana Theodory, na kidole hiki kimepinda. Mtoto huyu alikuwa mlemavu kidogo, na bado walimfanyisha kazi." Akavua miwani, akaifuta. "Nani anajua alikufa wapi."

Leonia aliuingiza mkono wa kushoto ndani ya kitenge. Bertilla, pale mlangoni, alishikwa na kikohozi ambacho kilimlazimu atoke nje, na huko nje aliendelea kukohoa mpaka machozi.

Barua ilirudi mwezi wa kumi. Theodory alikuwa amemwalika Bwana Loth, pombe ya ulezi ilikuwa imeiva, na majirani walikaa barazani chini ya vibao vya nakshi kusikiliza cheti kikisomwa. Theodory alisimama. Alisoma kwa sauti kubwa mwanzoni.

"Nyumba tajwa imethibitika kuwa ya kihistoria na ya thamani kubwa kwa taifa..."

Wakapiga makofi.

"...kwa hiyo kuanzia tarehe ya barua hii, nyumba hiyo iko chini ya ulinzi wa serikali. Hairuhusiwi kuuzwa. Hairuhusiwi kubadilishwa. Hairuhusiwi kuwashwa moto ndani yake, wala mtu yeyote kulala humo." Sauti ilizidi kupungua, mpaka wa nyuma wakasema, hatusikii! "Mwenye hati ya kumiliki aiwasilishe ndani ya siku thelathini ili haki yake iangaliwe. Ikikosekana..."

Hakumalizia. Bwana Loth alimalizia kwa ajili yake, akiinuka na kujikung'uta machicha ya pombe.

"Kijana, nilikuagiza cheti, na cheti umekipata. Mimi simo." Akamgeukia Leonia, akamuaga kwa heshima zote, akaingia kwenye gari lake.

Theodory alibaki ameishika barua. "Mama," akanong'ona, "ile karatasi..."

"Ilipita kwenye bomba la moshi," alisema Leonia. "Wewe mwenyewe ndiye uliyeuwasha moto."

Siku zile thelathini Leonia hakulala. Alikwenda kwa padri, akaungama kichwa chake kilichoinama. Padri alimpa malipizi, halafu akamwambia aseme kweli kwa anayehusika. Lakini kweli ilikuwa na mtoto ndani yake. Akisema, Theodory anafungwa. Asiposema, hana nyumba. Aliupima mzigo huu na ule, kama mwanamke anayepima madebe mawili ya maji mkononi, na kila siku lile debe la Theodory lilikuwa zito zaidi. Ila siku ya mwisho Gabriel alipofika na mafundi wake kupigilia mbao ya serikali, na mmoja wao akatoa uzi akaanza kupima jiko la nje, akiuliza kama nalo ni la enzi zile, miguu ya Leonia ilimpeleka yenyewe mpaka sebuleni.

"Mwanangu Gabriel," alisema. "Nina neno."

"Sema, mama."

Alitoa mkono wa kushoto ndani ya kitenge. Akachuchumaa, akauweka kando ya tofali, kidole kilichopinda kando ya kidole kilichopinda. Mkubwa na mdogo, mama na mtoto, lakini ni mundu ule ule.

"Huu mkono ni wangu."

Gabriel alitazama. Akapiga magoti, akatazama kwa karibu.

"Mama!" akasema. "Mama, ni kidole cha ukoo!"

"Siyo cha ukoo. Ni..."

"Huyu alikuwa bibi yako! Mama wa mama yako, au wa baba yako! Nilijua hakupotea. Miaka mia moja, na damu bado iko hapa hapa!" Alikwisha fungua daftari. "Jina lake nani? Mama, jaribu kukumbuka."

"Anaitwa Leonia," alisema Leonia. "Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Mwaka wa hamsini na moja, mwaka wa komunio yangu. Mzungu alikuwa wa nzige. Wewe niulize chochote cha nyumba hii, nitakujibu. Hapo nyuma ya mlango kuna..."

Gabriel hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alimtazama kwa huruma, halafu akamgeukia Theodory aliyekuwa amesimama dirishani. "Kaka, mama anasema kweli?"

Mtu huletwa mbele ya neno moja tu katika maisha yake, na mara nyingi ni fupi. Theodory alitazama mkono wa mama yake ukutani. Akatazama daftari. Labda naye aliliona lile bakuli la maharage.

"Mama amechoka siku hizi," alisema. "Anajichanganya na bibi yake."

"Theo," alisema Leonia.

"Ni umri, mama."

"Wewe!" Bertilla alirukia kutoka mlangoni, na beseni lake la dagaa. "Umri wa nani? Mimi mwenyewe baba yangu alilima barabara ya kuleta hizo tofali! Mzungu wa nzige mtaa mzima unamjua! Mtaalamu, huyu mtoto anakudanganya na miwani yako yote!"

Gabriel alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, mna karatasi yoyote? Barua, risiti, picha? Faili nimelitafuta kila mahali sikulipata. Mimi naweza kuwaamini, lakini serikali inasoma karatasi."

Bertilla alimtazama Leonia. Leonia alitazama meko. Ilikuwa imefagiwa safi.

"Hakuna," alisema.

Gabriel aliandika katika ripoti yake kwamba katika ukoo wa familia hiyo bado kuna kumbukumbu hai, kiasi kwamba wazee huzungumza kana kwamba wao wenyewe walikuwepo. Aliiona kuwa ni ajabu nzuri sana. Kwa wema wake akamwombea Leonia ruhusa ya kuendelea kuishi jiko la nje, kwa sharti afagie nyumba kila asubuhi.

Theodory aliondoka wiki ile ile kwenda Dar kufuatilia, alisema. Leonia alimfungia karanga na kumpa sweta la baba yake, maana basi la Tunduma linaingiza baridi. Theodory aliandika barua moja. Alisema anaendelea kufuatilia, mambo ni poa, na kwamba amesikia huko Kirando kuna nyumba nyingine ya zamani. Leonia aliisoma mara tatu akitafuta mahali aliposema kama anakula.

Mbegu za mtaa zilibunguliwa mwaka ule. Magunia hayana moshi. Msimu wa kupanda ulipofika watu walinunua mbegu dukani, za rangi ya waridi, na walipopita chini ya kilima walitazama lile bomba refu lisilotoa kitu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, Gabriel alirudi na wageni, wanaume kwa wanawake wenye kamera shingoni. Tofali lilikuwa limewekewa kioo. Gabriel aliwaeleza habari za msafiri aliyeshikwa na homa, na mtoto aliyeacha mkono. Kisha akamwita Leonia aliyekuwa pembeni na ufagio.

"Huyu ni mjukuu wa yule mtoto," alisema. "Mama, kwa mila zenu, mtu akimwona bibi yake anamsalimuje? Waonyeshe wageni."

Leonia aliweka ufagio chini. Alisogeza mkono kuelekea ukutani, na Gabriel akamwambia taratibu, "Usiguse, mama, kioo." Basi akachuchumaa mbele ya mkono wake mwenyewe, akainamisha kichwa kile kile, akapiga makofi mepesi ya Kifipa, paa, paa, paa.

"Shikamoo," akasema.

Kamera zililia. Hakuna aliyeitikia marahaba.

Jioni Bertilla alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaotea moto. Hakumtania. Hilo peke yake lilimfanya Leonia amtazame vizuri.

"Una sindano kubwa, Mama Theo? Ile ya magunia?"

"Ipo. Unashona nini saa hizi?"

"Kijana wangu ameandika kutoka Mbeya. Anakuja wiki ijayo. Anasema ana wazo." Bertilla aliangalia huku na huku, kisha akatoa kifuani karatasi ya kiwanja chake, imekunjwa mara nne. "Nataka niishonee ndani ya godoro."

Leonia alimpa sindano. Kisha akamshika mkono.

"Usiishonee kwenye godoro," alisema. "Godoro ndilo wanalolitoa kwanza."